Bunduki ya rangi

Nimenunua bunduki. Kabla hujaanza kutafuta namba ya polisi, ndugu yangu, tulia kwanza nikueleze. Bunduki hii haina risasi. Ina kikombe, sindano na kifyatulio, inakula rangi na upepo, na kazi yake ni kupigia rangi magari. Umeiona gereji yoyote ya mtaani: fundi kajifunga kitambaa puani, mkono unakwenda kushoto na kulia, na nyuma yake wingu linasafiri taratibu kuelekea kwa mama anayekaanga mihogo.

Imenichukua wiki mbili kuichagua. Wiki mbili! Kuna watu wamechagua wachumba kwa muda mfupi zaidi ya huo. Lakini nilichojifunza katika hizo wiki mbili nimeona nisikae nacho peke yangu, kwa sababu najua humu wamo vijana wenzangu wenye gari moja bovu na mshahara mmoja mdogo, na siku moja watajiuliza swali nililojiuliza mimi.

Gari lenyewe si langu. Ni la mzee. Corolla nyeupe ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ambayo injini yake bado inawaka kwa ufunguo mmoja lakini rangi yake imeshakata tamaa. Boneti imekuwa kama chokaa, ukipitisha mkono unabaki na unga. Paa limebanduka mabaka mabaka. Mzee amestaafu ualimu, haendi mbali siku hizi, lakini Jumapili lazima aende nalo kanisani. Mwaka huu nikaona jambo. Zamani alikuwa analiingiza getini na kuliegesha chini ya mwarobaini pamoja na magari ya wenzake. Sasa analiacha nje, barabarani, mbali kidogo, kisha anatembea kwa mguu. Hakusema kitu na mimi sikuuliza. Mzee wangu si mtu wa kuulizwa maswali ya namna hiyo.

Nilipopeleka gari gereji kuulizia bei ya kupiga rangi mwili mzima, nilitajiwa fedha ambayo mwandishi wa habari wa umri wangu anaiona kwenye stori za ufisadi tu. Ndipo nikapata wazo: kwa nini nisipige mwenyewe, nyumbani, bati kwa bati, kila Jumamosi kipande kimoja? Sisi tuliosoma chuo tumejizoesha kuamini kwamba mikono yetu iliumbwa kwa ajili ya kibodi. Nikasema ngoja tuone.

Hebu kwanza nikupe historia kidogo, maana inakuja kuhusika mbele ya safari.

Bunduki ya rangi ilianzia kooni. Mwaka 1888, katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio nchini Marekani, daktari wa koo aliyeitwa Allen DeVilbiss alitengeneza kifaa cha kupulizia dawa kwenye koo la mgonjwa. Unaminya kipira, hewa inapita kwa kasi juu ya kimrija kilichozama kwenye dawa, dawa inavutwa juu na kuvunjwa kuwa ukungu mwembamba. Mwanawe, Thomas DeVilbiss, alichukua wazo hilohilo, na mwaka 1907 akaja na bunduki ya kupulizia rangi. Kampuni ya DeVilbiss ikawa jina kubwa katika kazi hii, na bado inauza bunduki hadi leo. Kifaa kilichobuniwa kutibu koo kikageuka kuwa cha kupiga rangi. Likumbuke koo hilo, tutalirudia.

Kwa magari, mambo yalibadilika katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo gari lilipakwa rangi kwa brashi, koti juu ya koti, na kila koti lilisubiriwa likauke. Kazi ya wiki kadhaa. Ford alikuwa anauza Model T nyeusi peke yake kuanzia mwaka 1914 hadi 1925. Kisha kampuni ya DuPont ikaleta rangi ya nitroselulosi iliyoitwa Duco, na kampuni ya General Motors ikaanza kuipiga kwenye magari yake ya Oakland mwaka 1923. Rangi ile ilikauka haraka mno kwa brashi lakini iliitikia vizuri bunduki. Mafundi wetu wanaposema rangi ya NC wanamaanisha hiyohiyo nitroselulosi. Ni bibi wa karne nzima, na bado anauzwa madukani kwetu.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Ukiingia madukani pale Kariakoo na kusema unataka bunduki ya rangi, muuzaji atakuwekea mezani bunduki kumi zinazong'aa na kukuambia zote ni orijino. Zinatofautianaje? Tofauti ya kwanza unaiona kwa macho: kikombe kiko wapi.

Kikombe kikiwa chini, hiyo ni ya kunyonya. Upepo ndio unaoivuta rangi kupanda juu, kama kile kifaa cha daktari wa Toledo. Kikombe chake ni kikubwa, mara nyingi lita 1, na mafundi wengi wa zamani ndizo walizokulia. Ubaya wake inataka msukumo mkubwa, na rangi kidogo hubaki chini bila kuvutwa. Kikombe kikiwa juu, rangi inashuka yenyewe kwa uzito wake. Hutumia msukumo mdogo, rangi inaisha hadi tone la mwisho, na kuiosha ni rahisi. Ipo na ya tatu, ambayo rangi inakaa kwenye chungu pembeni na kusukumwa kwa mpira, lakini hiyo ni ya viwandani. Kwa anayeanza, chukua ya kikombe juu. Hapo mafundi wote niliowauliza walikubaliana, jambo ambalo si la kawaida kwa mafundi.

Tofauti ya pili huioni kwa macho, na ndiyo iliyonisumbua. Kuna bunduki za kawaida za msukumo mkubwa, na kuna zile zilizoandikwa HVLP, yaani zinatumia hewa nyingi kwa msukumo mdogo. Bunduki ya kawaida inairusha rangi kwa nguvu sana kiasi kwamba sehemu kubwa inagonga bati na kurudi, au inapita pembeni kabisa. Inayonata kwenye gari ni kama theluthi moja, wakati mwingine hata chini ya hapo. Maana yake ukinunua lita 3 za rangi, takriban lita 2 umempulizia jirani. Katika HVLP, msukumo kwenye mdomo wa bunduki hautakiwi kuzidi psi 10. Tairi la Corolla yetu tunalijaza kama psi 30, kwa hiyo unaweza kupima mwenyewe jinsi ilivyo ya upole. Kanuni za huko California, ambako moshi na ukungu wa mijini viliwatesa watu kwa miaka mingi, ziliweka sharti kwamba angalau asilimia 65 ya rangi ibaki kwenye gari, na ndizo zilizozipa bunduki za HVLP umaarufu.

Unasoma hayo unasema basi, jibu limepatikana, nanunua HVLP nakwenda zangu. Taratibu, ndugu yangu. Umesahau neno moja: hewa nyingi. Hewa hiyo inatoka wapi?

Hapa ndipo nilipogundua kwamba watu wengi wanaanza mkia badala ya kichwa. Bunduki siyo kitu cha kwanza kuchagua. Cha kwanza ni kompresa. HVLP nyingi zinataka lita 300 za hewa kwa dakika au zaidi. Kompresa ndogo ya nguvu farasi 2, ile ya tangi la lita 24 au 50 inayopatikana mitaani, haifiki huko hata kwa maombi. Tena ujihadhari na namba iliyoandikwa kwenye boksi lake. Mara nyingi ni kiasi cha hewa ambayo pistoni inaweza kuvuta, wakati inayotoka upande wa pili ikiwa na msukumo ni pungufu sana. Ukifunga HVLP kubwa kwenye kompresa hiyo, utaanza boneti vizuri, ukifika katikati msukumo umeanguka, matone yanakuwa makubwa, na rangi inatoka na vipelepele kama ganda la chungwa. Utamlaumu muuzaji wa bunduki bure.

Mimi kompresa nimeazimwa na binamu yangu anayejaza matairi: nguvu farasi 2, tangi lita 50. Inakula umeme kama kilowati moja na nusu, kwa hiyo ikizunguka saa nzima bila kupumzika, yuniti moja na nusu ya LUKU imekwenda. Hilo naliweza. Lakini kwa HVLP ya kweli haitoshi. Dawa yake ni aina ya tatu, inayoandikwa LVLP: hewa kidogo, msukumo mdogo. Nyingi zinaridhika na lita 100 hadi 170 kwa dakika. Zinapiga taratibu, mpulizo wake ni mwembamba zaidi, na huwezi kupiga basi zima kwa mkupuo mmoja. Lakini mimi sina basi. Nina milango minne, fenda mbili, boneti, buti na paa, na Jumamosi nyingi.

Kitu cha tatu ni tundu la mdomo, nozeli. Hupimwa kwa milimita. Rangi nzito inataka tundu kubwa, rangi nyepesi tundu dogo. Praima inataka kama 1.7 hadi 2.0. Rangi yenyewe na klia ni 1.3 au 1.4. Zile bunduki ndogo za kurekebisha mikwaruzo ni 0.8 hadi 1.0. Ukipiga praima kwa 1.3 utasubiri mpaka jioni, na ukipiga rangi ya mwisho kwa 2.0 itatiririka kama machozi. Ndiyo maana fundi mzoefu ana bunduki mbili: moja ya bei rahisi kwa praima, na nzuri kwa rangi. Ukiwa na hela ya bunduki moja tu, nunua 1.4.

Kuhusu majina makubwa. SATA ya Ujerumani, Anest Iwata ya Japani na DeVilbiss ndiyo majina ambayo wapiga rangi duniani wanayataja kwa heshima. Bei zake pia zinatajwa kwa heshima. Zinazojaa madukani kwetu ni nakala, na nyingi zimeiga umbo la Iwata W-71. Nakala si dhambi. Zipo zinazofanya kazi vizuri kwa mtu anayepiga gari moja. Shida ni kwamba mbili zilizotoka boksi moja zinaweza zisifanane, kwa hiyo usinunue boksi, nunua bunduki yenyewe. Mwambie muuzaji aifungue. Toa sindano, izungushe mezani uone kama imenyooka. Uliza kama sindano na nozeli ni chuma kisichoshika kutu. Angalia ile kofia ya mbele yenye pembe mbili: matundu ya pembe zote yawe sawa na yasiwe na mabaki ya chuma. Halafu uliza swali linalowatoa jasho: nozeli ikiharibika, spea ipo? Akikuambia "nunua nyingine tu, kaka," umeshajibiwa.

Ukifika nyumbani usikimbilie gari. Tafuta boksi gumu, libandike ukutani, weka thina kidogo na rangi, upulize mara moja bila kusogeza mkono. Unatakiwa upate umbo refu la yai, sawa juu na chini. Ukipata umbo la ndizi, upande mmoja kuna tundu limeziba. Zungusha kofia nusu mzunguko, upulize tena. Ndizi ikigeuka upande wa pili, tatizo liko kwenye kofia. Isipogeuka, liko kwenye nozeli. Rangi ikijikusanya katikati, msukumo ni mdogo au rangi ni nzito. Ikigawanyika mara mbili na kuacha uwazi katikati, upepo umezidi. Ikitoka kwa kukohoakohoa, kuna mahali hewa inavuja au kitundu cha mfuniko wa kikombe kimeziba. Msukumo uupime ukiwa umebana kifyatulio, tena pale kwenye bunduki, maana mpira mrefu na mwembamba unaiba msukumo njiani. Shika bunduki umbali wa shubiri moja kutoka kwenye bati, usikunje kiwiko ukawa unachora upinde, na kila mstari ufunike nusu ya ule uliopita.

Kwa sisi wa Dar es Salaam kuna adui mwingine, unyevu. Hewa ikibanwa kwenye tangi, maji yake yanajikusanya, na yasipochujwa yanatoka na rangi. Kwa hiyo chujio la maji ni lazima, na tangi limwagwe maji kabla ya kuanza. Halafu rangi ya NC ina tabia yake. Thina inapokauka haraka inalipoza bati, na hewa ikiwa na unyevu mwingi maji yanaganda juu ya rangi na kuiachia ukungu mweupe. Fundi atakuambia rangi "imelala". Wakati wa masika, alfajiri na jioni usiguse. Saa nne hadi saa nane mchana, siku kavu, ndiyo saa yake.

Mpaka hapo nilikuwa najiona mtaalamu. Nikaenda kwa fundi rangi mmoja jirani na kwetu nikamwonyeshe mahesabu yangu. Nilimkuta anafunika vioo vya Noah kwa magazeti, na kwenye kioo cha mbele nikaiona stori yangu, ile niliyoihangaikia siku tatu, imebandikwa kichwa chini miguu juu. Nikamwambia fundi, hiyo nimeandika mimi. Akaisogelea, akasoma mstari mmoja, akasema, "Karatasi ya gazeti lenu nzuri, mwandishi, haipitishi rangi haraka."

Tukacheka. Yeye alicheka kidogo zaidi, na kicheko kikageuka kikohozi. Kikaendelea. Akaegemea gari, akaniashiria kwa mkono nisubiri.

Kilipotulia nikamuuliza ni cha tangu lini. Kama mwaka na nusu, akasema. Usiku ndiyo kinasumbua, kifua kinabana kama mtu amekalia. "Ila nikienda kijijini Krismasi, kinafunguka chenyewe. Nakaa wiki mbili, nalala kama mtoto. Nikirudi kazini siku ya tatu tu, kinaanza." Nikamuuliza anatumia nini. Akanionyesha pakiti ya maziwa. Kila akimaliza kupiga rangi anakunywa maziwa yasafishe kifua. Kitambaa cha puani ni fulana iliyokatwa.

Mimi si daktari. Lakini kuuliza ndiyo kazi yangu, nikaenda nikauliza, nikasoma. Rangi za kisasa zinazong'aa kama kioo, zile zinazoitwa 2K, unachanganya na hadna. Ndani ya hadna kuna kemikali zinazoitwa isosayaneti. Ndizo zinazoifanya rangi iwe ngumu na isibabuke kwa petroli wala jua. Ukungu wake ukiingia mapafuni, mwili unaweza kuuzoea vibaya: siku moja mapafu yanaamua kwamba hiki ni adui, na tangu siku hiyo hata chembe ndogo inatosha kukubana. Ni pumu ya kazini. Alama yake mojawapo ni hiyohiyo aliyonieleza fundi bila kujua, kwamba ukiwa likizo unapona na ukirudi kazini unaugua. Mtu akishafika hapo mara nyingi hakuna njia ila kuacha kabisa kupiga rangi hizo.

Mabaya hayaishii hapo. Isosayaneti haina harufu ya kukuonya katika kiwango kinachodhuru. Barakoa za bluu tulizovaa mwaka 2020 hazifai kitu, fulana ndiyo kabisa. Hata barakoa nzuri yenye vichujio vya kaboni haiaminiki kwa 2K, kwa sababu kichujio kikichoka hutajua. Uingereza mpiga rangi wa 2K anatakiwa kuvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na asiifunue hata akimaliza mpaka ukungu usioonekana uishe chumbani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 24 Agosti 2023, hakuna anayeruhusiwa kutumia bidhaa zenye isosayaneti hizo zaidi ya asilimia 0.1 kazini bila kupewa mafunzo. Hapa kwetu hadna unaipata dukani, unapewa na risiti.

Na maziwa? Maziwa yanakwenda tumboni, hewa inakwenda mapafuni. Ni barabara mbili tofauti, hazikutani. Nilimweleza fundi hivyo. Akanitazama kwa muda, akasema, "Sasa mwandishi, mimi niliyefundishwa hivyo na mwalimu wangu, naye na mwalimu wake?" Mwalimu wake yuko wapi siku hizi, nikauliza. Akasema alishafariki, kifua.

Nilirudi nyumbani nikaketi kwenye ngazi nikautazama uwanja wetu kwa macho mengine. Wapangaji watatu. Kamba ya nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Jiko la mkaa kwenye kona, linawaka kuanzia saa tano, na mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama nyoka mpaka unapoukuta moto. Watoto wa mpangaji wa chumba cha mwisho wanacheza hapohapo. Na mdogo wangu wa kike, ambaye ana pumu tangu akiwa darasa la pili, na ambaye dirisha lake linafunguka palepale nilipopanga kuweka boneti. Ningeweza kununua bunduki ya SATA yenye dhahabu na bado jibu lingekuwa hilohilo. Bunduki bora inapunguza wingu, haiondoi wingu.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Hadna ya rangi haiingii kwenye kazi hii kabisa. Nitapiga NC nyeupe, rangi tupu isiyo na chembe za kung'aa, maana hizo zinamuumbua asiyejua kushika mkono. Haitadumu kama 2K, na kung'aa kwake kutatokana na mkono wangu, msasa laini wa maji na polishi. Lakini haina isosayaneti. Thina yake nayo si maji ya kunywa, kwa hiyo nimenunua barakoa ya vichujio vya kaboni, na fedha niliyoitoa hapo inakaribia ile niliyotoa kwenye bunduki. Kazi ya msasa na puti naifanya nyumbani, kwa maji, vumbi lisipae. (Hadna ya puti ni kitu kingine, haina isosayaneti.) Kupiga rangi sipigi nyumbani. Vipande navipeleka mmoja mmoja kwenye uwanja wa fundi, ambao uko wazi pande tatu na hauna jiko, siku ambayo yeye hapigi 2K.

Bunduki niliyochukua ni ya LVLP, kikombe juu, nozeli 1.4, sindano ya chuma kisichoshika kutu. Ni nakala, sina aibu nayo, na muuzaji aliniuzia nozeli ya akiba. Ya praima ananiazima fundi.

Yeye nimemsihi aende hospitali akaeleze kazi yake anayofanya, siyo kikohozi peke yake, kwa sababu daktari asipoambiwa kazi hawezi kuotea. Amesema ataenda mwezi ukiisha. Nchi hii ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003, lakini gereji ya chini ya mwembe yenye fundi na vijana wawili nani anaikagua? Na fundi mwenyewe ananiambia ukweli mchungu: wateja ndio wanaotaka 2K, wanataka kuona meno yao kwenye boneti, na wanataka kwa bei ileile. Kofia ya kuletewa hewa ataikata kwenye bei gani? Sisi wateja tunauliza rangi itadumu miaka mingapi. Sijawahi kumsikia mtu anamuuliza fundi atavaa nini akiipiga. Siku ukipeleka gari lako, hebu uliza. Na ukiona anavaa fulana, zungumzeni bei upya.

Juzi aliijaribu barakoa yangu. Akapumua ndani yake mara tatu nne, akasema inamnyima harufu, na bila harufu atajuaje rangi imekolea? Kisha hakuivua. Akapiga fenda nzima nayo. Alipomaliza akauliza vichujio vyake vinauzwa wapi. Nikamkumbusha kwamba kwa 2K hiyo haitoshi. Akasema, "Najua, umeshasema. Lakini kuna siku nyingi napiga NC."

Mzee bado sijamwambia chochote. Ameona boneti imetolewa na akaniuliza kama nitaweza kuirudisha, nikamwambia shikamoo. Boneti inapigwa Jumamosi hii, saa nne asubuhi, mvua isiponyesha.